Daktari wa Alhamisi ya Kwanza

Jumatatu, 1 Septemba
Uji umepoa tena. Nasra hakuugusa. Tangu Iddi Kubwa mwanangu hasemi na mtu, halali, anang'oa nywele zake moja moja. Ana miaka kumi na moja na utosini pameshakuwa kipara. Wifi Zuwena amekuja na kombe la tatu, aya zilizooshwa kwa maji ili anywe. Mtoto amekunywa, ametapika. Zuwena anasema shetani huyo anatoka. Kilichotoka ni kombe lenyewe. Kombe sina ugomvi nalo, lina maneno ya Mungu. Ugomvi wangu ni Zuwena.

Jumanne, 2 Septemba
Kituo cha afya hapa Ng'ambo. Muuguzi hakunyanyua hata macho. Ametupatia vidonge vya minyoo. Minyoo! Nikauliza daktari wa akili za watoto. Yupo hospitali ya mjini, Alhamisi ya kwanza ya mwezi tu. Haya, watoto wa kisiwa kizima waugue kwa kalenda.

Jumatano, 3 Septemba
Zuwena amepata habari. "Ukimpeleka huko, posa ya Mwanaidi ishakufa. Nani ataoa nyumba ya wehu?" Mwanaidi ni binti yangu mkubwa, washenga wanatarajiwa mwezi huu. Mume wangu? Akili zake alishamkabidhi dada yake zamani. Nawadharau wote wawili. Kesho nakwenda.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekwenda, ninja usoni, macho tu ndiyo yanaonekana. Karani dirishani akauliza jina la mtoto kwa sauti ya mnadi samaki. Nyuma yangu wamesimama majirani wawili. Nikasema Asha Juma, jina la kwanza lililonijia mdomoni.
Tumekaa tangu saa mbili. Saa nane benchi tupu, daktari ameshaondoka. Karani anasema Asha Juma ameitwa mara tatu. Kweli, nilisikia. Nikajisemea moyoni, mama yake huyo mtoto ni mpuuzi gani, hasikii?

Jumapili, 7 Septemba
Mficha uchi hazai. Huwaambia wenzangu kila siku. Mwezi mzima wa mwanangu nimeutupa mimi, si Zuwena. Najichukia.

Jumamosi, 20 Septemba
Kipara kimefika sikioni. Amekula nusu ndizi.

Jumatano, 1 Oktoba
Zuwena amekuja kunikanya tena. Nimemwambia posa ikivunjika kwa sababu ya mtoto mgonjwa, basi heri ivunjike. Ameondoka bila kuaga. Mume wangu kamfuata hadi mlangoni, akarudi, akaniuliza saa ngapi tunaondoka. 

Alhamisi, 2 Oktoba
Karani yule yule. Uso nimeuacha wazi. Nasra Hamadi Makame, nikasema, na benchi zima wakageuka. Wageuke.
Jina lilipoitwa, Nasra alisimama kabla yangu. Daktari mwanamke, mtu mzima. Akamuuliza analala vipi. Hakujibu. Akamuuliza kinachomuuma. Hakujibu. Kisha Nasra akavua ushungi mwenyewe, akainamisha kichwa ili daktari akione kipara.
Daktari akavuta kiti karibu naye.