Usukani wa Candide

Asnath, kaka yangu Vedasto amerudi hoi kutoka kibandani kwake anakotengenezea baiskeli.

Mama mmoja mkimbizi, Candide, alimpelekea baiskeli kuukuu ya mumewe. Alitaka usukani wa juu, maana ule wa chini unamwinamisha mno na mtoto anateleza mgongoni.

Vedasto akacheka. "Baiskeli ya mume sibadilishi bila mwenyewe. Mlete kwanza nimpime."

Mbele ya watu, Asnath. Mlete.

Yule mama akajibu taratibu, "Nilimzika Kagunga, tulikokimbilia. Kipindupindu."

Vedasto akafunga usukani wa juu. Candide akapanda, mgongo umenyooka, mtoto ametulia.

Akamshukuru, Asnath. Kamshukuru kabisa, "Asante fundi," akaenda zake.

Sasa kaka chakula hataki. Nimemfunikia sahani yake.