Bahasha Haichimbi Kaburi

Mdogo wangu Deo, uliye mbali kwa hiari yako,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Hali yako tuliiona ulipopita hapa Kamachumu na lile gari jeupe, vioo umepandisha, shingo imenenepa. Sisi tupo. Barua hii nimewasomea wenzangu wa chama cha kuzikana kabla ya kuituma, kwa hiyo usihangaike kuificha. Huku imeshasikika.

Unaikumbuka siku ya Kemondo? Ulikuwa unakwenda kuanza kidato cha kwanza ng'ambo ya ziwa. Sanduku la bati tulilinunua kwa Mhindi mmoja pale Bukoba, na nililibeba mimi kichwani mpaka bandarini, kwa sababu wewe uliona aibu kubeba mzigo mbele ya wenzako. Mkononi ulikuwa na waranti ya serikali, umeishika kama padri anavyoshika komunyo. Karatasi ile ilikupandisha meli bure na treni bure, na huko ulikokwenda ukakuta kitanda, blanketi, madaftari, uji na mwalimu, vyote bure. Ukaniuliza, "Dada, hivi nani analipa?" Nikakujibu, "Kahawa ya Taata." Sikuwa nakutania. Baba yetu alipopeleka kahawa ushirika, serikali ilikuwa imeshachukua fungu lake kabla yeye hajashika hata senti. Na si ya Taata peke yake. Kahawa ya Kamachumu yote ilikatwa hivyo hivyo, na ya Kanazi, na ya wazee wasiokuwa na mtoto hata mmoja shuleni. Hao ndio waliokusomesha, Deo, na wengi wao hukuwahi kuwaamkia.

Kisha vita na Uganda. Ulikuwa nyumbani likizo watu wetu wa ng'ambo ya mto walipoanza kupita wakikimbia na magodoro vichwani, wengine wanaburuta mbuzi. Taata aliwapa kile chumba chako. Yakaja malori kuchukua ndizi za askari, kila kibanja cha migomba kikatoa mikungu. Ukauliza kama tutalipwa. Taata alikutazama tu, akasema, "Nchi ina msiba. Msibani mtu haendi mikono mitupu." Nilidhani umeelewa.

Ukaenda Sweden. Kule nako ulisoma bure, kwa kodi za watu wasiojua Kamachumu iko pande gani za dunia. Ulipokuja kututembelea, Mama anamenya ndizi, wewe umekaa kwenye kigoda ukatufundisha mambo ya dunia kwa mkungu uliokuwa mbele yako. "Kule, Taata, mtu akivuna mkungu, serikali inaondoka na karibu nusu ya chane."

Taata akashangaa. "Na mwenye mkungu ananyamaza?"

"Ananyamaza, Taata waitu. Mtoto wake anasoma bure na anakula mchana shuleni. Mke wake anajifungulia hospitali bila kuombwa kitu."

Ukasema Marekani serikali inachukua chane chache zaidi, lakini chuo unajilipia na ukiugua unajitibu, kwa hiyo mwenye mkungu mkubwa anashiba na mwenye mdogo anamtazama. Kenya, ukasema, shule nyingi zinajengwa kwa harambee, tajiri anatoa anapigiwa makofi, na mwaka asipojisikia kutoa shule inabaki bila paa. Uganda vita vimekula kila kitu, mzazi ndiye serikali. Mama akauliza, "Na sisi je?" Ukamjibu, "Sisi tunataka kugawana kama Waswidi na mkungu wetu ni mdogo. Lakini Mama, wenye mkungu mdogo ndio wanaohitaji zaidi kugawana." Mama aliacha kumenya akakutazama jinsi alivyokuwa anamtazama askofu. Mimi pia nilijivunia.

Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Mwanzo tuliuita Juliana, kwa jina la kile kitambaa cha magendo kilichokuwa kinatoka Uganda, maana wafanyabiashara wa magendo ndio tuliowaona wanakonda kwanza. Tukawacheka. Baadaye ukaingia kila nyumba, hakuna aliyebaki wa kumcheka mwenzake. Ukamchukua shemeji yetu, mume wa Adela, aliyekuwa ananunua samaki visiwani, kisha ukamrudisha Adela nyumbani na mtoto wake Kemilembe, yule aliyezaliwa vita vilipoisha tukampa jina la amani. Adela, Deo. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa anakufichia senene kwenye kikapu chake ukiadhibiwa.

Alipokufa tulikupigia simu ya posta. Hukuja. Ulimtuma dereva na bahasha.

Wewe ni Mhaya, bujuni, huku kusaidiana kwetu msibani, unaijua, hata kama umeamua kuisahau. Chama cha kuzikana hakina ada. Kila nyumba inaleta mtu na jembe, inaleta ndoo ya maji, kuni, mkungu wa ndizi. Maskini na tajiri wanashika mpini ule ule, na ndiyo sababu hakuna anayemdharau mwenzake kaburini. Dereva wako akamkabidhi mwenyekiti bahasha mbele ya watu, akasema ni ya kuchimbia. Mwenyekiti hata hakuifungua. Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasema, "Mwambie asante. Ila bahasha haichimbi." Watu wakainamisha vichwa. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na Adela.

Udongo wa kaburi lile ulikuwa haujakauka ulipokuja na msafara wako wa serikali kuhutubia. Sijui wakubwa wako walikutuma wewe kwa sababu ni mtoto wa hapa, ili tumeze dawa chungu kwa mkono tunaoufahamu. Nilisimama nyuma, Kemilembe ameshika kanga yangu. Ukatuambia wananchi tumezidi kutegemea serikali. Ukatuambia cha bure hakithaminiwi, sasa shule na hospitali tutachangia. Cha bure hakithaminiwi. Na wewe mwenyewe ni nini, kama si cha bure? Kila herufi uliyonayo kichwani ni ya bure, na hapo nakubaliana nawe, haijathaminiwa.

Ulikuja kula nyumbani jioni ile. Nilikupikia, mimi si mchawi. Nikakuuliza. Ukaweka kijiko chini ukasema nchi haina hela, mabenki ya nje yametoa masharti, na nchi inayokusanya kidogo haiwezi kutoa kingi. Sikubisha. Hilo nalielewa, hata hapa nyumbani chungu kidogo hakilishi wageni wengi. Nikakuuliza jambo moja tu: hiyo posho yako ya safari inakatwa kodi? Ukacheka. Ukasema, "Dada, posho haikatwi." Basi. Kahawa ya mjane inakatwa, posho yako haikatwi, halafu kilichopungua anatafutiwa yatima akilipe. Mwenye mkungu mkubwa umemwacha na chane zake zote, ukamwendea anayeokota maganda. Waswidi walikufundisha hivyo?

Hata miezi haikupita, Kemilembe akarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Alikaa kwenye kibaraza na mfuko wake wa vitabu mapajani, hataki kuuweka chini. Nikakuandikia wewe, mjomba wake. Jibu lako ninalo kichwani neno kwa neno: "Nikimlipia mmoja, kesho watakuja wote. Hiyo si sera, dada." Nilikaa nikicheka peke yangu mpaka majirani wakaja kuniangalia. Mtoto wa Adela si sera.

Sasa nikwambie tulichofanya sisi tusio na sera. Unajua zamani mtu akifa kijiji kizima kinaweka majembe chini, tunakaa matanga siku nyingi. Kwa vifo hivi tungekaa matanga mwaka mzima, na magugu yalikuwa yameshaanza kumeza vibanja. Chama kikakaa, tukabishana sana, wazee wengine walilia kwa kuona mila inakatwa. Tukakubaliana: tunazika asubuhi, na kesho yake badala ya kukaa tunaingia na majembe yale yale kwenye kibanja cha mayatima. Tunapalilia, tunakata majani ya migomba, tunachuma kahawa yao. Kahawa hiyo inalipa shule. Si ya mtoto wa fulani, ya mayatima wote wa chama. Kemilembe amerudi darasani. Hakuna aliyetupigia makofi, na hakuna aliyepewa posho.

Ndipo likaja jina lako. Nyumba yako, ile ya bati jekundu uliyoijenga kwenye kibanja cha Taata, imo kwenye chama, lakini haijawahi kuleta jembe wala maji. Na najua unachotaka siku zako zikiisha: unataka uletwe ulazwe karibu na kaburi la Taata, kama kila Mhaya. Mwenyekiti akauliza, asiyechimba achimbiwe na nani? Ikapendekezwa ufutwe. Mimi dada yako nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na sikuushusha.

Mwenyekiti akasema tusubiri msiba mmoja, nyumba yako isipotokeza mtu, basi. Juzi tulimzika mama mmoja jirani. Kemilembe alikuja na ndoo ya maji, akaimimina kwenye pipa kama watoto wengine. Akarudi kisimani. Ule mlima unaujua. Akapanda tena na ya pili, shingo inatetemeka, amelowa mpaka miguuni. Nikamwambia nyumba yetu imeshatoa, pumzika. Akaitua mbele ya mwenyekiti.

"Hii ni ya nyumba ya mjomba Deo," akasema.

Mwenyekiti aliinama mwenyewe akaipokea, na jina lako likabaki.

Kwa hiyo hujafutwa, mheshimiwa. Mtoto asiyekuwa sera anakulipia kodi yako, kwa kichwa chake, na ataendelea mpaka shingo ichoke au wewe uone haya, sijui kipi kitatangulia. Mimi nimekutilia jembe mpini mpya, liko nyuma ya mlango wa Mama. Ukija uje kwa miguu kutoka barabarani, watu wakuone. Bahasha iache huko huko.

Ni mimi dada yako,
niliyekubebea sanduku.