Milango Minne

Lamu, Alhamisi, 1956

Alhamdulillahi, kazi ningali nayo.

Tajiri wangu, Bwana Shee, ataka kununua gari dogo la kuchukulia abiria kule Mokowe, ng'ambo bara, na mimi karani wake ndiye nimsomeaye vitabu vya picha za magari vya Kiingereza. Alikuwa keshalipenda lenye milango miwili, kwa sababu injini yake hupozwa kwa upepo. Maji matamu Mokowe ni taabu, kwa hiyo hapo alikuwa na haki.

Lakini milango miwili! Wanawake hukaa nyuma. Kila wakishuka, mwanamume wa mbele akunje kiti, nao wapite wakimgusa. Nani atakubali kumpandisha mkewe humo?

Nikamwambia hayo, na kwamba afadhali lile la milango minne, ijapokuwa injini yake hutaka maji. Bwana Shee akanikazia macho. Nikajua nimekwisha.

Mara mkewe, Bi Zuhura, akadakia nyuma ya pazia: "Mwana wa watu asema kweli! Mimi humo sipandi, hata bure."

Bwana Shee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Haya, karani, milango minne. Na maji ya injini utateka wewe!"

Wallahi nitateka, hata kwa debe kichwani.