Mbao za Jeneza Langu Zimekuwa Altare

Ijumaa, mchana. Baridi ya Songea mwezi huu inauma mpaka kwenye fizi, na mimi fizi ndizo nilizobaki nazo.

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, nimewaaga mapadri wanne wa parokia yetu, na wale niliopata nao kipaimara wote wamelala isipokuwa Gebhard. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mistari hii naiandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Mkwe wangu Adela alinifungulia ukurasa tu. Hapa Msamala mzee mwingine wa rika langu anayeandika kwenye simu hayupo. Mtafuteni.

Leo naandika kwa sababu nimeibiwa, na aliyeniibia ni rafiki.

Marehemu baba alinifundisha kwamba mtu halali nyumba moja na mbao za jeneza lake. Anakiita kifo. Mbao zako anakutunzia mwenzako. Kwa hiyo miaka kumi na miwili mbao zangu sita za mninga zilikaa juu ya jiko la Gebhard kule Majengo zikila moshi, na zake zikakaa juu ya jiko langu. Zangu ni bora kuliko zake. Hata yeye anajua.

Mwezi wa pili nilikwenda Lusewa kwa binti yangu, mguu ukanilaza huko miezi minne. Jumapili iliyopita ndiyo nimeingia tena kigangoni kwetu, nikakuta altare mpya. Nikapiga magoti. Nilipoinua macho nikaliona lile fundo la mti lililokaa kama jicho la jogoo. Mbao zangu. Hata kusali nilisahau.

Wakati wa matangazo katekista akasema altare imetolewa na Mzee Osmund, asimame apigiwe makofi ya kilo.

Nilisimama.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na sitaificha. Nilisimama, nikapunga mkono kama diwani, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikavipenda.

Baada ya misa nilimvuta Gebhard nyuma ya kanisa, maana ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Akaeleza kwamba askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, meza ya zamani inayumba, vigango vingine vinatucheka, na mimi sikuwepo. Nikamwuliza kama simu yake ilikufa. Haikufa.

“Ningekuuliza ungekataa,” akasema. “Nakujua wewe Osmund. Mgumu kuliko huo mninga wako.”

Kweli, ningekataa. Lakini kukataa kulikuwa kwangu.

Nikamwuliza kwa nini hakutoa za kwake, wakati Adela anashinda nyumbani na angemfungulia jiko. Akavua kofia, akaishikashika.

“Sasa mimi ningezikwa na nini, mzee mwenzangu?”

Hakuwa anatania. Alikuwa ananiuliza mimi.

Siku tano sasa nikisali Baba Yetu, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi unagoma. Naparuka. Mungu nimemwambia wazi: kama ulizitaka, mbona hukuniambia mwenyewe, nami nakuja kwako kila siku? Abrahamu ulipomtaka mwanawe ulimwita kwa jina lake. Hukupitia kwa jirani.

Ningekataa Jumatatu, nikanuna Jumanne, na pengine Alhamisi ningezibeba mwenyewe hadi kanisani. Hiyo Alhamisi yangu ndiyo Gebhard aliyoila.

Sijamaliza kukiri. Juzi nilimwita seremala apime mbao za Gebhard kwa urefu wangu. Zilitosha na kubaki. Akauliza aanze lini. Nikaziangalia, nyeusi kwa moshi wa kuni zangu, nikamwambia azirudishe juu. Alinuna, nikampa chai na mihogo.

Si kwamba nimesamehe. Hajaniomba, na mimi msamaha sina wa kumwaga ovyo. Ila mbao zile niliahidi kwa mdomo wangu kumtunzia, na mimi si Gebhard.

Kesho asubuhi jumuiya inasalia hapa kwangu. Nitawaambia kwamba sikutoa, na kwamba yale makofi niliyala bila haki. Altare haitoki. Nani ataitoa, na Mwili wa Bwana umeshawekwa juu yake? Lakini wajue. Na wakinizika kwenye mkeka, basi mkeka.

Asiyeniamini amwulize Mustafa, mpasua mbao wa Tunduru, tuliyeupasua naye mti ule, yeye juu, mimi chini nakula vumbi. Amwulize Adela, aliyeniona narudi kutoka misa bila kusalimia mtu. Na amwulize Gebhard mwenyewe, lakini amwulize mbele ya ile altare, mkono wake ukiwa juu ya mbao.