Njia Iliyokuwa Ukutani

Riziki, mboni ya jicho langu,

Huku Garland tu wazima. Mama yako anaandika ninayosema mimi bibi yako. Umeona huko Houston picha za wanawake wa jangwa la Australia, wanaochora njia na visima vya bibi zao, ukaniuliza: kwani sisi hatukuchora?

Tulichora. Mama yangu alichora ukutani, kwa udongo mweupe, njia ya kwenda kwenye chemchemi yetu. "Njoo ujifunze, mvivu wee!" Nikacheka, nikakimbilia ngoma. Kisha tukaikimbia nchi, ukuta ukabaki.

Jana nilimwaga unga mezani ili niichore njia ile. Kidole kikafika mtoni, pale njia inapovuka, kikasimama. Wale wanawake wa jangwani wanaishika nchi yao kwa mikono. Mimi niliringa, na wa kumuuliza hayupo.

Njoo Jumamosi, mtoto mbaya wewe, ule ushibe. Nitakuonyesha mpaka mtoni. Ng'ambo yake nimeipoteza.