Foleni ya Abasia

Sorcha, nimekwisha! NIMEKWISHA!

Si unaijua ile njia yetu ya baiskeli ya Tipperary, ya abasia, zile nyumba za kale za watawa, na ngome? Nafika abasia ya pili, nakuta foleni. Nikajua ni ya kugongewa muhuri kwenye kijitabu cha safari. Nikajipanga na kaptula yangu ya njano inayobana.

Kumbe ni foleni ya kuwapa mkono wafiwa! Jeneza lile pale!

Ningetokaje? Nikamshika mjane mkono: "Pole kwa msiba, mama." Akanikumbatia. "Wewe ndiye yule rafiki yake wa baiskeli!"

Nikaitikia, Sorcha. NIKAITIKIA!

Sasa nimejibanza nyuma ya ukuta wa abasia. Padri anauliza, "Yuko wapi yule wa njano? Aje amzungumzie marehemu."

Hata jina lake silijui!