Mume Wangu Ni Mpole Kwenye Albamu Tu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nisamehe mwandiko, shule niliishia njiani na mtoto nimempakata huku naandika, ila majibu yako huwa nayasoma kwenye magazeti ya kufungia vitu dukani, ingawa mara nyingi mwisho unakuwa umechanwa, kwa hiyo sijui wenzangu waliishia wapi.

Mume wangu ni mwanamuziki. Nilipompata alikuwa anaimba panki, ule muziki wa magitaa ya umeme na mayowe, nywele kazisimamisha katikati ya kichwa kama jogoo, mpaka mama yangu alipomwona akaniuliza pembeni kama huyu mtu ana kwao, lakini mimi nilijua ninachokijua, maana huyo huyo akishuka jukwaani sauti imekauka alikuwa anakuja nyumbani ananikanda miguu nikiwa na mimba, hana neno na mtu, hasira zote kazimalizia kule kwenye maikrofoni, kwangu analeta utulivu mtupu.

Mtoto alipozaliwa akasema sasa yeye ni baba, mayowe basi, akawaacha wenzake wa bendi bila hata kuwaaga vizuri, akatafuta gitaa kavu, lile la mbao lisilochomekwa umeme, akasema anatengeneza albamu yake peke yake, nyimbo za taratibu za mtindo wa kantri, za mke na mtoto na njia ya kurudi nyumbani. Nilifurahi mno, nikajua Mungu kanisikia hata kabla sijaomba.

Studio ikawa chumba chetu cha kulala. Kitanda alikisimamisha ukutani, mablanketi ya mtoto akayapigilia misumari mlangoni na dirishani sauti isitoke wala isiingie, akanieleza kwamba magitaa ya umeme yanameza kila kelele lakini hili, hata mtu akimeza mate jirani linasikia, basi mimi na mtoto tukawa tunatolewa nje tangu asubuhi, tunakaa kwenye ngazi za jengo, wapangaji wanaturuka wakienda kazini, mvua ikipiga tunajibanza chini penye ndoo na mafagio, na mtoto akilia baba yake anatoka macho mekundu ananiambia, "Kinyamazishe hicho kitu, umeniharibia kazi." Hicho kitu ni mwanawe.

Siku moja mtoto alikuwa anachemka homa, nikagonga nipate blanketi moja tu la kumfunika, akafungua akanisukuma nikaanguka kwenye ngazi mtoto mkononi, akafunga, na pale pale nikamsikia anaanza upya wimbo unaosema mlango wake haufungwi kwetu.

Sasa albamu imetoka na inapigwa redioni, mama muuza mboga wa chini akiisikia ananiita, shoga, wewe umepata mume, wetu hawa tumeokota. Mwisho wa wimbo wa mwisho kuna mtoto analia kwa mbali. Ni wangu, siku ile ya homa. Fundi mitambo alitaka kukifuta kilio, mume wangu akamwambia aache, kinaleta hisia. Watu wanasema hapo ndipo wanapotokwa machozi, hata mimi nilitokwa, ila sidhani ni machozi ya aina moja.

Jumamosi ni uzinduzi. Anataka nikae jukwaani kwenye kiti, mtoto nimempakata, yeye apige ametugeukia, halafu mtangazaji aniulize mtu wa panki aligeukaje mpole namna hii, na la kujibu kanifundisha. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Kazi yako ni kukaa tu, nayo inakushinda?" Rafiki yake mmoja, mpiga drams wa bendi ya zamani, tunamwita Nyundo, alipita kumwona mtoto akambeba mpaka akalala, akaniambia, "Shemeji, sisi tulipiga kelele, lakini hatukumdanganya mtu." Sijui alitaka nifanye nini.

Mama, nikiisikiliza ile albamu namwamini. Nawaza mtu anayeimba vile yumo humo ndani, labda nikipanda, watu wakampigia makofi mbele yetu, ataona aibu aanze kuishi anavyoimba. Au nimweleze mtangazaji ukweli? Bado nampenda. Nipande nisipande?

Ni mimi, mke wa mwimbaji mpole.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hiyo albamu ninayo. Naipiga nikinyoosha nguo, na huo wimbo wa mwisho ulinifanya niunguze kola ya shati la mzee wangu. Kwa hiyo usidhani nasema haya kwa kuuchukia muziki wake. Ni mzuri, na ndiyo maana nina hasira.

Habari ya kusukumwa umeipitisha haraka haraka, kama mtu anayesema jana kulinyesha, ukakimbilia habari ya kiti. Nimekuona. Mwanamume anayemwangusha mke kwenye ngazi na mtoto mgonjwa mkononi amepiga. Usimtafutie jina lingine.

Unasema yule mpole yumo ndani. Yumo, sikatai. Mtu asiyeujua upole hawezi kuimba vile. Anaujua vizuri, akaamua kuwapelekea wenye viingilio. Angekuwa haujui, tungemfundisha. Na hiyo aibu unayoingoja isahau, makofi hayajawahi kumtia mtu aibu. Yanamnenepesha tu.

Usipande. Wala usipande ili useme ukweli, maana ukumbi mzima umekuja kulia kwa raha zake, watakuzomea wewe, kisha utarudi chumba kimoja na yeye. Wewe mwanangu una moyo mzuri lakini unautandika chini kila mtu akanyage, hilo nalo nakugombeza.

Leo hii, usingoje Jumamosi, mchukue mtoto uende kwa mama yako. Mpitishe zahanati wamsikilize kifua, hizo ngazi zina baridi. Ukishafika, mpigie mumeo, mama yako akiwa kando, umwambie hupandi. Sentensi moja, ukate simu. Nyundo ni shemeji mwema, lakini asiwe mjumbe, mumeo atapata la kusingizia.

Akiwataka, aje mbele ya wazazi wa pande zote mbili aseme alichofanya kwa mdomo mkavu, bila gitaa. Kisha apewe mtoto akiwa analia, ambembeleze hapo hapo, na aje tena kesho yake, na keshokutwa, muda mrefu, kabla hujafungasha chochote. Akiinua mkono tena, polisi wapo.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu namjua msanii. Atatunga wimbo wa kuondoka kwako, na utakuwa mtamu kuliko yote. Utausikia sokoni, utatamani kurudi kwake. Nunua ulichokifuata, urudi kwa mama yako.